Saga Tamu za Nerima

Chwaa. Ndivyo maziwa yalivyolia mama yake Nerima alipoyamimina kwenye chungu cha saga, zile mboga za majani machungu, kule Bungoma. Kisha alifunika, akaacha mboga zilale hadi kesho yake ili uchungu upungue. Nerima alipoolewa Nairobi, mama alimfungia mbegu za saga hizo kwenye pembe ya leso.

Alizipanda chini ya nyaya kubwa za stima, nyuma ya nyumba za Komarock, akauza sokoni Kariobangi. Wateja wa maghorofani hawakuwa na subira ya kulaza mboga.

"Mama Mourine, hizi ni mboga ama kwinini?" Kaluki, mteja wake wa kila jioni, alimtania. "Jana watoto waliniuliza nani mgonjwa."

Nerima alicheka, lakini neno lilimwingia. Tangu hapo, kila msimu alipita shambani akitafuna jani la kila mche. Uliokuwa mchungu aliung'oa. Uliokuwa mpole aliuacha uzae mbegu. Miaka ikapita, saga zake zikawa tamu, Kaluki akabeba mafungu mawili mawili. Kwa fahari akatuma mbegu nyumbani kwa dadake, Triza.

Mwaka huu viwavi waliingia. Hawakuwa wageni, zamani walionja, wakaenda zao. Safari hii walikaa. Shamba likabaki vijiti.

Binti yake Mourine, anayesomea mimea chuoni, alichuchumaa kando yake.

"Mama, ndani ya jani la saga kuna kimeng'enya, na kuna kitu kinachokingoja, vimetengwa. Kiwavi akiuma, vinakutana, uchungu unazaliwa. Zamani sana jeni ya kimeng'enya hicho ilijinakili kwa bahati, nakala zikabadilika kidogo kidogo. Mche uliopata ukali ulipona, ukazaa. Ule mtamu uliliwa kabla ya kutoa mbegu. Mamilioni ya miaka, viwavi ndio waliochagua."

"Na mimi nikachagua kinyume."



Nerima akampigia Triza. "Ile mbegu ya mama, ile ya zamani, bado unayo?"

"Ya nini tena? Tulipanda yako. Majirani wote waliitaka hiyo tamu." Triza akasita. "Lakini dada, huku nako kuna viwavi."

Nerima aliweka simu mapajani. Juu yao nyaya zilivuma. Aliposema, Mourine alilazimika kuinama ndipo asikie.

"Saga za mama zilitaka maziwa tu."