Nilivyobaki Kando ya Kitanda cha Achol

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za kazi yangu, mwanangu, ilianza asubuhi pale Kakuma, nikiwa nimeinama ndani ya ambulensi nikimkamulia hewa kwa mfuko wa mpira msichana aliyeumwa na nyoka. Jina lake Achol. Yeye na mama yake, wakimbizi kutoka Sudan Kusini, walikuwa wakiokota kuni kando ya lagga, ule mto mkavu wa mchanga. Sumu ilikuwa imelegeza misuli yake yote, hata ile ya kupumua. Njia nzima hadi Lodwar sikuuachia ule mfuko wa mpira, maana hewa aliyovuta ilikuwa ile ya mikono yangu tu.

Wakati huo nilikuwa nesi wa dharura, na niliipenda kazi hiyo jamani. Ajali za barabarani, kina mama waliozidiwa na uchungu, vijana wenye risasi mwilini: nawapokea, nawatuliza, nawakabidhi, kisha namwita anayefuata. Kakuma nzima walinijua kwa kupata mshipa pale wengine walipokosa. Usinicheke. Ukiwa kijana sifa ni tamu.

Lodwar tulimwingiza Achol katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakamuunganisha na mashine ya kupumulia. Nikanawa mikono, nikamwambia dereva awashe gari. Ndipo mama yake, aliyekuja nasi garini, akanishika gauni.

"Sista, wewe naenda wapi? Mtoto yangu nakufa, sindio? Hapana danganya mimi."

Achol hakuwa akitikisa hata kope. Mama yake alitaka atolewe mipira ya mashine, ampeleke akamzike.

Msimamizi wa chumba kile alikuwa Sista Asekon, mama wa Kiturkana mwenye sauti ya chini. Aliuchukua mkono wa yule mama akauweka kifuani pa bintiye.

"Sikia moyo unavyopiga. Huyu hajaenda. Sumu imemfunga tu, na ikiisha atafungua macho. Anatusikia, kwa hivyo usimlilie kama maiti." Kisha akanigeukia. "Akiru, hawa wote unaotuletea, ulishawahi kujua waliishia wapi?"

Nilifikiri sana, sikumpata hata mmoja.

"Basi huyu mjue. Wiki hii nesi wangu mmoja ni mgonjwa, shika nafasi yake. Nitampigia mkubwa wako simu."

Hakunikaripia. Alisema polepole, kama anayenikaribisha chai, na nadhani ndiyo maana yaliniingia.

Nikabaki. Mwanangu, mimi fundi wa Kakuma niligeuka mgeni. Mashine ikilia naruka, na nesi niliyemzidi umri kwa mbali ananishika bega: "Ni maji tu kwenye mpira, sista. Tulia." Kazi ya pale ilikuwa ya taratibu. Kumgeuza, kumvuta makohozi, kumfuta macho, kumpaka mafuta midomo. Kila jambo nilimwambia Achol kwanza, kama Sista Asekon alivyonifundisha. Nilipoishiwa maneno nikamsimulia mbuzi wa baba yangu kule Kerio, yule beberu aliyetafuna kanzu ya padri ikiwa imeanikwa. Mama yake alikuwa akimtafsiria kwa Kidinka. Alipofika kwenye kanzu akacheka, akajiziba mdomo, kana kwamba amefanya jambo baya.

Kesho yake yeye ndiye aliyeona kwanza. "Sista! Kidole natembea! Kidole ya mguu!"

Kweli, kilikuwa kinacheza. Siku zilizofuata yalifunguka macho, ikaja mikono, na hatimaye akatolewa mpira kooni. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Alinitazama, akasema kitu kwa Kidinka, na mama yake akanigeukia.

"Yeye nauliza, padri alifanya nini na mbuzi?"

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Alikuwa amesikia kila kitu.

Nilirudi Kakuma, lakini tangu hapo kila niliyempeleka Lodwar nilipiga simu kumuulizia. Mwisho nikaomba kusomea uuguzi wa mahututi, nikaenda, nikarudi Lodwar, nikafanya kazi hiyo hadi nilipostaafu. Si wote walioamka kama Achol. Wengine niliwafumba macho mwenyewe, na mama zao nikawashika mikono.

Sasa wewe unaniuliza kama uache dharura uende kwa mahututi. Usiende kwa sababu miguu inauma, maana huko nako inauma. Nenda kama moyo unataka kubaki na mtu baada ya gari kuondoka. Na uliyojifunza kwenye dharura usiyatupe: jicho lako la haraka litamwona mgonjwa akibadilika kabla mashine haijalia. Ila kubali kuwa mwanafunzi tena, umuulize hata mdogo wako bila haya. Na aliyenyamaza kitandani mwite kwa jina lake, mwambie unachotaka kumfanyia, umpe na habari za nje. Hujui anakusikiliza kiasi gani.

Akuj, Mungu wetu, akutulizie mikono. Akupe wagonjwa wanaoamka wakakuuliza maswali, na kwa wale wasioamka akupe moyo wa kukaa nao hadi mwisho. Nenda, mwanangu. Na ukiwa zamu usisahau kula.