Bawa Lililopasuka Njiani

Kinyozi yule wateja walimwita Rubani, ingawa hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa akiunda ndege ndogo za mbao nyepesi, zenye injini, akizirusha kwa nyaya mbili: yeye kasimama katikati, ndege inamzunguka. Yalipotangazwa mashindano mji wa jirani, alijinadi saluni nzima kwamba kombe ni lake.

Gari hakuwa nalo. Baba mkwe wake, dereva wa lori mstaafu asiye na maneno mengi, akajitolea kumpeleka kwa gari lake. Mke akakaa nyuma.

Barabara ya vumbi iliwapepeta kama nafaka kwenye ungo. Waliposimama kuongeza mafuta, Rubani akafungua buti. Jeki ya gari ilikuwa imelalia bawa la kushoto, limepasuka.

"Nani kaweka jeki hapa?" akafoka mbele za watu. "Mzee, umri wote huo hujui kupakia mzigo? Umenimaliza!"

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa. Mke akashuka, akasema kwa sauti ya chini:

"Jeki umeiweka wewe, baba watoto. Baba alikuwa bado ndani anavaa viatu."

Rubani akakumbuka. Uso ukamwaka, akatamani ardhi immeze. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Yeye alijitia kutafuta gundi. Akaunga bawa, wakaendelea na safari.

Uwanjani alihitajika mtu wa kuishika ndege injini ikinguruma. Mzee akapiga magoti majanini bila kuombwa, akaikumbatia kama mtoto mchanga. Rubani, mshikio wa nyaya tayari mkononi, akashindwa kutoa ishara ya kuiachia. Akauweka chini, akarudi hadi kwa mkwewe.

"Baba, nimekukosea heshima mbele za watu. Nisamehe."

"Nimekusikia," mzee akasema. "Rudi kwenye nyaya zako, mafuta yanaisha."

Ndege ikapaa, ikayumba, gundi ikaachia. Ikajichomeka chini pua kwanza, watu wakacheka. Kicheko hicho hakikumuuma hata kidogo. Kilichomuuma ni kumwona mzee akiokota vipande kimoja kimoja na kuvipangusa udongo.

Jumamosi iliyofuata mzee alikuja kunyolewa kama kawaida. Wateja walikuwa wakiuliza habari za kombe.

"Bawa jipya umeshaanza?" mzee akauliza kabla Rubani hajawajibu.

"Bado, baba."

Rubani akaendelea kumnyoa taratibu, macho yakikwepa ya mzee kwenye kioo.