Niliandika "Naif" kwenye daftari la chumba, kumbe naelekea milima ya Hatta peke yangu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sitayapamba, kwa sababu chanzo chake ni uongo wa mstari mmoja nilioandika kwa mkono wangu.

Nimesomea ualimu, lakini hapa Dubai ni mlinzi wa ghala kule Dubai Investments Park. Tunaishi sita chumba kimoja, Discovery Gardens, wote walinzi.

Mlangoni tumetundika daftari. Mwenzetu mmoja aliwahi kuanguka njiani akalazwa, na kwa siku mbili hatukujua yuko wapi. Tangu hapo Okello, Mganda aliye mkubwa wetu, akatuwekea sheria ya getini: anayetoka aandike jina, anakokwenda na saa ya kurudi.

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Miaka miwili bila kuona msitu ilinikausha roho. Nikapanga kutumia off zangu mbili kubeba begi mgongoni na kulala peke yangu chini ya miti, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

Miti yenyewe ni mikunazi iliyojikusanya katika bonde kavu huko Hatta, milimani mbali na jiji. Kwa mwenye kiu ya kivuli, huo ni msitu.

Nilipogusia mpango huo, chumba kizima kilicheka. Mmoja aliuliza kama nimepandishwa cheo nikalinde mawe. Okello, ambaye huniita Mwalimu kwa jinsi ninavyowahubiria habari za ukweli, hakucheka. Alinisihi tu nisiende peke yangu.

Niliona haya, na haya ikageuka kiburi. Asubuhi nikaandika: "Naif, kwa binamu. Kurudi kesho saa sita mchana."

Naif ni mtaa wa maduka katikati ya jiji, na sina binamu huko.

Sitakana kwamba jioni ile ilikuwa njema. Nilichemsha chai, nikasikiliza upepo ukipita kwenye majani, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii hakuna aliyeniita kwa namba ya zamu.

Kesho yake, wakati wa kurudi, nilikanyaga jiwe lililolegea. Kifundo cha mguu kikateguka. Simu ilikuwa imezima, nimemaliza chaji kwa kupiga picha. Maji yalibaki nusu chupa.

Nilikata fimbo, nikawa natembea kidogo na kupumzika kidogo. Katika vituo vile ndipo nilipoelewa nilichokifanya: nisipofika barabarani, watu pekee ambao wangenitafuta nimewaelekeza upande mwingine kabisa wa nchi.

Alasiri nikafika kwenye shamba la mitende. Mzee wa Kipakistani anayelitunza alinipa maji, akautazama mguu, akasema "yalla", yaani twende, na kunipeleka kituo cha basi kwa pikapu yake. Hakuniuliza hata jina.

Nilifika chumbani baada ya isha. Okello alikuwa ameketi kitandani kwake, viatu bado miguuni, vumbi hadi kwenye magoti. Alitoka zamu ya usiku asubuhi ile. Saa nane mchana, alipoona sijarudi na simu haipatikani, hakulala tena. Alikwenda Naif, akapita duka kwa duka akiwaonyesha wafanyabiashara wa kwetu picha yangu, akiulizia binamu ambaye hayupo. Zamu yake ya usiku alimwomba mwenzake amshikie.

Nilimweleza yote.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikutafuta pale ulipoandika."

Alinisogezea kiti niinue mguu, akaleta barafu, kisha akashusha daftari na kunipa kalamu.

Wakuu mliowahi kulinda mnajua utaratibu: kosa la daftari halifutwi wala ukurasa hauchanwi. Unalikata kwa mstari mmoja ili lisomeke, unaandika lililo kweli juu yake, unatia saini. Nikakata "Naif, kwa binamu", nikaandika "Hatta, peke yangu", nikasaini mbele yake.

Msitu nitaurudia, mguu ukipona. Kwenda peke yako si kosa. Kosa langu lilikuwa kuwanyima wanaonipenda njia ya kunifikia.

Mstari ule bado upo mlangoni, kila atokaye anausoma. Na wewe unayesoma hapa, leo ukichelewa kurudi, kuna mtu anayejua aanzie wapi kukutafuta? Niambieni, hata kama ni kunisuta.