Amani Iliyokwama Safu ya Tatu

Kule Kottayam, kusini mwa India, wanaomjua Sosamma wanajua mambo mawili: hakuna apikaye samaki kama yeye, na mdomo wake hauna breki. Tangu aolewe aligombana na wifi yake Rahelamma kuhusu kila kitu, kuanzia uanikaji wa mpira uliogemwa mitini, ukali wa pilipili, hadi wimbo wa kuimba kwenye sala ya jioni. Ungepita njiani ungedhani nyumba inaungua. Kumbe adhuhuri ikifika wamekaa bega kwa bega wanakula, wanamsengenya mtu wa tatu.

Mambo yaliharibika walipomzika mama mkwe wake Sosamma, mama mzazi wa Rahelamma. Tangu siku ile Rahelamma akawa mpole. Kila neno "sawa, wifi," kila neno "asante, wifi." Majirani wakasema neema imeingia nyumba ile. Sosamma akakonda. Siku moja akamwaga chumvi makusudi kwenye mchuzi wa samaki, hata paka asingeugusa. Rahelamma akala mpaka akamaliza.

"Mtamu sana, wifi," akasema.

Sosamma akaenda nyuma ya jiko akalia. Alikuwa anampoteza shoga yake wa pekee, tena kwa adabu.

Jumapili iliyofuata padre akatoa amani madhabahuni. Kwao amani hupokewa kwa viganja, mtu akajigusa usoni, kisha akampa aliye karibu naye, mkono kwa mkono mpaka mlangoni. Ikafika safu ya tatu upande wa wanawake. Rahelamma akageuka na mikono yake, tabasamu limebandikwa usoni. Sosamma akaficha viganja ndani ya mtandio.

"Pokea," Rahelamma akanong'ona. "Watu wanangoja."

"Na wangoje. Hiyo si amani, hiyo ni adabu tu. Una nini na mimi?"

"Sina kitu."

"Basi kaa nayo."

Wanawake wa nyuma wakaanza kukohoa. Padre akavua miwani, akaifuta polepole, akasubiri. Rahelamma akavimba, halafu likamtoka, wala si kwa kunong'ona.

"Mama aliomba azikwe na nguo yake ya harusi. Wewe ukamvika mpya, ukaona ya kwake itakuaibisha mbele ya wageni."

"Ililiwa na panya, Rahel. Kifua chote kilikuwa matundu. Nikaificha usiione, maana siku ile ulikuwa hujiwezi."

"Ungeniambia, ningeitia viraka."

"Kwa macho yapi? Hata sindano nakutungia mimi."

Rahelamma akaangua kicheko huku machozi yanamtiririka. Sosamma naye akashindwa kujizuia. Akatoa viganja, akaipokea amani, akajipaka usoni pamoja na machozi yake, akampa bibi aliyekuwa upande wa pili.

"Afadhali," bibi akasema. "Nilishaona leo narudi nyumbani mikono mitupu."

Mchana Sosamma alipika samaki, na chumvi akaipima kwa makini kuliko siku zote. Rahelamma akaonja tonge la kwanza, akakunja uso.

"Chumvi imezidi."

Haikuzidi hata punje. Moyo wa Sosamma ukajaa furaha.

"Ulimi wako ndio umezeeka," akamjibu, akampakulia kichwa cha samaki, kile walichokuwa wakigombania kila siku.