Paswadi ya Marehemu

Mwenyekiti wetu alikuwa na msimamo mmoja ambao hata tingatinga lisingeung'oa: jambo la chama halifichwi mwanachama. Mimi nami nilikuwa na wangu, kwamba karatasi za mjane hazianikwi barabarani kila mpita njia azisome. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kulegeza, ilibidi nijifunze kutia kufuli kwenye tovuti.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Industrial Area, nikiishi Komarock na dada yangu, na kila Jumamosi nikigeuka kuwa katibu wa chama cha watu wa kwetu magharibi walioko Nairobi. Kilikuwa chama kama vyama vingine: kuzikana, kuchangiana, kugombana kidogo na kupatana juu ya chai. Tofauti yetu ni kwamba mwanachama mmoja aliyekuwa Amerika alitukodia nafasi kwenye seva, akatuwekea tovuti yenye baraza la mazungumzo. Kila mwanachama alikuwa na jina lake na paswadi yake, na bila hizo husomi kitu. Kazi ya kulitunza baraza alinitupia mimi, akinifundisha kwa barua pepe. Nilizisoma barua hizo kwenye saiba ya Buruburu, duka la kulipia intaneti, nikazichapisha, kisha nikazisoma tena jikoni hadi ugali ukashika sufuria. Dada yangu alisema nimeolewa na mtambo, na mahari sijaona.

Mwaka huo mmoja wetu, fundi wa magari aliyekaa Kayole, akafariki kwa ugonjwa wa ghafla. Aliacha mke, watoto, na ploti yenye vyumba vya kupangisha. Matanga hayajaanuliwa, mdogo wake akatangaza kwamba ploti ni ya ukoo na yule mama hakuwa mke, maana kanisani hawakufunga ndoa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameswagwa mchana kweupe, watu wakitazama! Nilipandwa na hasira ambayo hata leo nikisimulia hunirudia.

Mjane nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Hakulia mbele yangu hata siku moja. "Mimi nataka tu watoto wangu walale pale baba yao aliwaacha," aliniambia. "Hiyo ingine yote wanaweza kubeba."

Wakili aliyejitolea kumtayarishia kesi alikuwa mwanachama wetu aliyekwenda Uingereza kusoma zaidi, na mashahidi wengine wa mahari walikuwa ng'ambo pia. Picha na maelezo ya mashahidi vilikuwa vizito mno kwa barua pepe za siku zile. Vilikwama njiani kama gunia kwenye mlango mwembamba. Njia ilikuwa moja tu: kuviweka kwenye folda ndani ya tovuti yetu, kila mtu avichukue huko. Lakini folda ile ilikuwa wazi. Aliyejua anwani yake angeifungua hata kama hatujui jina la babu yake.

Nilitaka kuweka paswadi moja na kuwapa wale wachache wanaohusika. Mwenyekiti akakataa katakata. Chama kilikuwa kimeamua kumsaidia mjane, kwa hiyo kila mwanachama alikuwa na haki ya kuona chama kinafanya nini. Nikasema basi nimpe kila mtu paswadi ya pili. Hapo nilicheka mwenyewe kabla hajajibu, kwa sababu hata ile ya kwanza walikuwa wakinipigia simu ofisini kuiulizia, na bosi wangu alikuwa ameanza kukohoa kila simu inapolia.

Ndipo nikaapa kwamba paswadi watakayotumia ni ile ile ya baraza. Mtaalamu wetu wa Amerika aliniandikia kwamba inawezekana, ila nisitarajie kuiweza peke yangu. Hakujua amemwambia nani.

Baraza halikuhifadhi paswadi zenyewe. Liliisaga kila moja kama mahindi kwenye posho mill: ukifungua faili la watumiaji unaona jina, halafu unga. Unga haurudi kuwa punje, kwa hiyo hata mimi mtunzaji sikujua neno la siri la mtu yeyote. Nilichogundua ni kwamba seva, ikitiwa kufuli kwenye folda, inasaga kwa jiwe lile lile. Mtu akiandika paswadi yake mlangoni, seva inaisaga na kulinganisha unga na unga. Kazi yangu basi ilikuwa kuandika programu fupi ya kuhamisha majina na unga wake kutoka faili la baraza hadi faili la mlangoni. Nasema fupi, lakini ilinitoa jasho. Nukta moja ikikaa vibaya, mlango unawafungia wote, na mimi nikiwemo. Nilifungiwa nje mara nyingi, nikatukana kwa lugha ya mama, wateja wa saiba wakageuka kunitazama. Jumamosi moja mlango ukauliza jina, nikaandika, ukafunguka. Nilipiga makofi peke yangu. Tukaweka karatasi za mjane.

Haikupita wiki, fundi mjenzi akajitoa kwenye ushahidi. Huyu alikuwa mtu muhimu, maana ndiye aliyejenga vile vyumba, na alikuwa ameeleza jinsi mjane alivyomtuma kokoto, akampikia na kumsimamia kama mwenye nyumba. Nilimfuata Kware anakokaa. Alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake ili mkewe asisikie.

"Mama, mimi nina watoto," alisema. "Yule ndugu ya marehemu alikuja hapa akanisomea maneno yangu mwenyewe, yote, vile niliandika. Akaniuliza kama najua kulala ndani kwa polisi ni kubaya. Sasa si mlisema ni siri?"

Nilikwenda moja kwa moja Buruburu. Seva huandika kila jina linalopita mlangoni, nami nikaanza kuyasoma moja moja: wakili, mwenyekiti, watu wa Amerika, mimi. Kisha nikaona jina la marehemu. Aliingia, akafungua maelezo ya fundi, akatoka. Mwili ulinisisimka, nakiri. Lakini woga haukukaa. Hasira iliusukuma ikachukua kiti chake.

Marehemu alikuwa hodari wa injini, si wa kompyuta. Enzi za uhai wake, mdogo wake aliyefanya kazi mjini karibu na mashine hizo ndiye aliyemsomea salamu za baraza na kumwandikia majibu. Ndivyo tulivyoishi wengi. Mmoja akijua kutumia kitu, anakitumia kwa niaba ya nyumba nzima. Paswadi ya kaka ilikuwa mdomoni mwa mdogo. Na kwenye chama chetu jina la mtu halikufutwa kabla ya makumbusho yake, sherehe ya kumaliza msiba, kufanyika nyumbani. Kwa hiyo marehemu alikuwa bado mwanachama kamili, na programu yangu ilimhamisha na wengine bila kumbagua.

Nilimwendea mwenyekiti. "Mzee, marehemu anaingia kwenye folda," nikamwambia, na nikamweleza, nikitaka jina lifutwe.

"Kumfuta sasa ni kumzika mara mbili," alisema. "Siwezi, msichana wangu. Watu wa kwao watasema nini?"

Jioni ile ile nikaenda Kayole kwa mjane. Nilikuwa nimeshapata dawa: baraza libaki na jina la mumewe, ila programu iliruke inapojaza faili la mlangoni. Nilidhani atafurahi. Alikuwa akichambua mboga, akaacha.

"Kwa hivyo utafungia mume wangu nje ya mambo ya nyumba yake?"

"Dada, si yeye. Ni ndugu yake anayetumia jina."

"Basi fungia ndugu yake. Hiyo paswadi si inabadilishwa? Ibadilishe, unipatie mimi."

Niliona haya kwamba sikuwaza hilo. Katika chama chetu mjane hushika kiti cha mumewe. Anaketi mkutanoni mahali pake na kuitikia jina lake. Ila kumpa kiti ni kukiri kwamba ni mke, na ndiyo maana mwenyekiti, ambaye hakupenda kuingia kati ya ndugu, alianza kujikuna kidevu nilipomrudia.

"Nikimpa hilo jina, nitakuwa nimeamua kesi kabla ya korti," alisema.

"Mzee, siku ya mahari si ulikula nyama hadi ukalegeza mshipi? Ulidhani ni sherehe ya nani?"

Mkewe aliangua kicheko kule jikoni. Mzee alijaribu kukasirika, ikamshinda, akacheka naye. "Haya," alisema. "Mpe mwenyewe."

Mjane hakuwahi kugusa kompyuta. Nilimketisha kwenye saiba, nikamwonyesha pa kuandika neno lake jipya, nikageuka nikatazama ukutani. Alibonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, akizitafuta kama anayeokota mawe kwenye mchele. Nikaendesha programu, unga mpya ukahamia mlangoni. Folda ikafunguka. Alisoma kila shahidi aliyemtaja kuwa mke, midomo ikimcheza, na mara hii machozi yalimtoka. Siku iliyofuata alikwenda Kware yeye mwenyewe, amemtanguliza mwenyekiti na mkongojo wake, na fundi akarudi kwenye ushahidi.

Korti ilichukua muda wake, na ploti ikabaki kwa mjane na watoto. Lakini ninachokikumbuka zaidi kilitokea kabla ya hukumu. Yule mdogo wa marehemu alinijia Komarock Jumapili mchana, amevaa suti ya kanisani, mpole kama kawaida yake mbele za watu.

"Dada, paswadi ya kaka yangu imekataa," alisema.

Nilishangaa ujasiri wake. "Imebadilishwa. Na wewe ulikuwa unatafuta nini kwa jina la mtu aliyezikwa? Au hujatosheka kutisha mashahidi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno mengine mengi, tena makali. Alitazama viatu vyake, akapangusa uso kwa kiganja.

"Hayo ya fundi nilikosea," alisema. "Lakini si hiyo tu nilikuwa naingilia. Watu walimwandikia kaka salamu za mwisho kwa baraza. Huwa nazisoma. Sina mahali pengine watu wanamwongelesha."

Hilo sikulitarajia. Huruma ilinishika kwa nguvu, na sikuitaka. Ningeweza kuingia kwa jina langu nimchapishie salamu zote, amalize haja yake aondoke. Nikakataa.

"Paswadi iko na mkewe," nilisema. "Mwombe yeye."

Alisimama pale mlangoni, taya zikimcheza. Watoto wa jirani walipita mbio wakimsukuma, hakuwaona. Tangu mazishi alikuwa akimwita mjane "huyo mama", na mimi nilikuwa nimeamua kwamba hapati kitu kwangu kwa jina hilo, hata akilia.

"Shemeji yuko nyumbani saa hii?" aliuliza.

Nikamwambia yuko, aende kabla hajatoka kwenda sokoni.