Siku Niliyofagia Nyayo za Mjomba Shomari

Nilipokuwa na miaka tisa nilifagia nyumba siku ambayo haikupaswa kufagiwa. Ni jambo dogo kulisema hivi, na watu wazima niliowahi kuwasimulia walicheka kidogo. Niliwasimulia nusu tu.

Tuliishi ugenini, ghorofa ya saba huko Albert Park, mtaa wa jiji la bandari, kwenye flati iliyogawanywa kwa mbao na mapazia. Chumba kilikuwa chetu mimi na mama. Kibaraza kilichozibwa kwa vioo kilikuwa cha mjomba Shomari, mdogo wake mama, aliyemfuata kutoka Tanga. Sebuleni alipanga Dada Godelive, Mrundi, aliyekuwa akifanya kazi za usafi kwenye nyumba za watu Westville. Mama alichelewa kurudi kutoka kuuza nguo, kwa hiyo Dada Godelive ndiye aliyenipakulia maharage nikitoka shule, na ndiye aliyenisuka nywele kila Jumapili. Nilimwita dada na nilimaanisha.

Mjomba alikuwa mshona matanga. Kila asubuhi alitoka kwetu kwa miguu hadi bandarini, kule zinakofungwa mashua za matajiri na za wazungu wanaozunguka dunia. Miongoni mwao alikuwepo mzee mmoja wa Kiskoti aliyeishi ndani ya mashua yake ndogo kwa miaka. Alikuwa amechoka sasa. Alitaka kurudi kwao Skotlandi kwa mashua hiyo hiyo, na kwa umri wake asingeweza peke yake. Akamwomba mjomba aende naye.

"Miezi mitano tu, Zuhura," mjomba aliniambia. "Nikimfikisha, narudi kwa ndege."

"Na shairi langu?"

Nilikuwa nimechaguliwa kusoma shairi siku ya wazazi shuleni, na alikuwa ameahidi kuja. Alinitazama, akakuna kidevu.

"Upepo ukigeuka sawa lazima tuondoke. Nitakuomba unisomee kwenye simu."

Asubuhi ya kuondoka nilijifunika shuka na kukataa kwenda bandarini kumuaga. Alisimama kando ya kitanda changu muda mrefu, kisha nikasikia hatua zake zikitoka. Mama alirudi kutoka mlangoni, akainama sikioni mwangu.

"Haya, baki na kununa kwako. Ila usiguse ufagio. Msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka kesho yake. Ukifagia unafuta nyayo zake, hapati njia ya kurudi."

Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Nilisikia vizuri na nilielewa vizuri, na kwa sababu nilielewa ndiyo nikainuka na kuuchukua ufagio. Nilianzia kwenye kibaraza chake. Kulikuwa na vipande vya nyuzi nyeupe za matanga sakafuni, na mchanga kidogo wa viatu vyake. Nilivikusanya vyote, nikavipitisha koridoni, nikavitoa nje ya mlango hadi kwenye ngazi. Nilitaka apotee kidogo tu. Nilitaka achelewe, ahangaike, ajute kuniacha. Kufa hakukunijia akilini hata mara moja.

Mama aliporudi kutoka bandarini alisimama katikati ya korido akiangalia sakafu.

"Nani amefagia?"

Dada Godelive alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka kazini, mfuko wake bado begani. Mama alimgeukia yeye. Wala hakunitazama; kwake, mtoto aliyeonywa asubuhi ile ile hangethubutu.

"Mimi hapana, Mama Zuhura. Nilikuwa ku kazi."

Mama akaguna, akaingia jikoni. Nilikuwa mezani na daftari. Neno moja lingetosha wakati ule, na adhabu yake ingekuwa makofi mawili.

Mjomba alipiga simu kutoka Cape Town. Baada ya wiki nyingi akapiga tena kutoka visiwa vya Wareno katikati ya bahari, sauti yake ikikatika. Nilimsomea shairi. Alisema amesikia lote, ingawa najua laini ilikatika kabla sijafika ubeti wa tatu. Nilifurahi mno siku ile. Nilijiambia ufagio haukufanya kitu.

Kisha ikaja habari. Mashua ilipigwa miambani kwenye pwani ya Skotlandi, karibu kabisa na kijiji cha yule mzee, watu wakiiona wakiwa nchi kavu. Mzee walimvuta kwa kamba akiwa hai. Mjomba walimpata baada ya siku mbili. Amezikwa huko huko, na imamu alisafiri kutoka mji wa mbali kuja kumswalia.

Siku ya tatu ya msiba, flati ikiwa imejaa wanawake, mama alinyanyuka kwenye mkeka na kumwonyesha Dada Godelive kidole.

"Wewe ndiye uliyemfagia ndugu yangu."

Dada Godelive alikuwa ameshika sinia la chai. Aliliweka chini taratibu.

"Mama Zuhura, naapa mbele ya Mungu."

"Usimtaje Mungu. Tulikuwa watatu tu humu. Mimi nilikuwa bandarini, na mtoto nilimkataza."

Dada Godelive alinigeukia. Sidhani alikuwa akinituhumu. Nadhani alitaka tu mtu mmoja aseme kwamba anamjua, kwamba hawezi kufanya hivyo. Nilijificha nyuma ya kanga ya jirani. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehama. Nilimsikia akishusha sanduku lake ghorofa saba na sikutoka kumsaidia.

Baadaye yule mzee alituandikia barua, nami ndiye niliyemfasiria mama. Aliandika kwamba mjomba alimshauri wakae mbali na pwani mpaka upepo utulie. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania, kwa sababu alikuwa ameuona mnara wa kanisa la kijijini kwao na hakuweza kungoja zaidi. Aliomba msamaha. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na nani aliyemziba masikio asimsikie Shomari?" akauliza. Akaikunja barua.

Nimekuwa mtu mzima, nina mume na binti wa miaka mitano. Kwa miaka sita nilijua kwamba Dada Godelive ana meza ya nguo za watoto karibu na stendi ya teksi Isipingo, na kwa miaka sita nilipita njia nyingine. Mwaka huu nilimkuta mama akimwambia binti yangu asiguse ufagio, baba yake akiwa anasafiri. "Kuna Mrundi mmoja," alikuwa akisema, "alimuua mjomba wa mama yako hivyo hivyo." Binti yangu aliniangalia kuona kama ni kweli.

Nilienda Isipingo kesho yake. Amenenepa, anavaa miwani. Alinijua kabla sijasema jina. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, wateja wakipita katikati yetu. Alikunja kaptula moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Asubuhi ile nilifagia chini ya kitanda yangu," alisema. "Kidogo tu, mbele ya kwenda kazi. Shomari alikuwa angali ndani. Miaka yote nilijiuliza kama ile ndiyo ilimuua. Nilienda mpaka kwa padri."

Alinitazama kupitia miwani yake.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa."

"Tisa ni mtoto. Na kumi na tano? Na ishirini?" Hakupandisha sauti. "Mama yako iko?"

"Yupo."

"Anajua?"

Nilitikisa kichwa. Akamgeukia mteja.

Jumapili nilimwambia mama.

"Ungeniacha nife bila kujua," alisema. "Nilimwita muuaji mbele za watu. Alikuwa amenishikia chai."

Bahari ilimchukua mjomba kwa ukaidi wa mzee aliyekuwa na hamu ya kwao; hilo naliamini. Nilichofanya kwa ufagio ni hasira ya mtoto, na ningeweza kuisamehe. Kunyamaza ndiko kulikokua pamoja nami, kukasoma, kukaolewa. Mama sasa halali vizuri, na ni mimi niliyemwekea mzigo huo wa hatia. Ila ulikuwa wetu sisi wawili tangu mwanzo, mimi kwa kunyamaza na yeye kwa kutuhumu, na tulimwacha mwanamke mwingine aubebe peke yake, tena akiamini ni wake.