Mfagiaji Aliyesema Bado

Moshi wa magunzi haufanani na moshi wa kuni. Una utamu kidogo ndani yake, kama chakula kilichoungua kabla ya kuliwa. Hapa Matisi watu wengi sasa wanapika kwa gesi, lakini yuko jirani mmoja anayeletewa magunzi ya mahindi kutoka shamba, na akiwasha jiko lake jioni moshi unapita juu ya ukuta na kuingia kwangu bila hodi. Ukifika puani, masikio yangu ndiyo yanayoamka. Nasikia ufagio wa vijiti ukipita kwenye udongo mkavu: fya, fya, fya. Mimi niliishia darasa la tatu, na mengi ya vitabuni yamenipita. Lakini sauti hiyo naijua vizuri kuliko ninavyojua sauti za watoto niliowazaa, na nitaeleza kwa nini.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Mwaka huohuo mama alinitoa kwetu Sirisia akanipeleka kijiji cha Kwanza kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa na shamba la mahindi na hakuwa na mtoto wa kike wa kumsaidia. Aliniambia nikae mpaka mahindi yapurwe, kisha atakuja kunichukua. Alilala usiku mmoja tu. Asubuhi niliamshwa na ufagio. Mama alikuwa anafagia uwanja wa shangazi, kuanzia mlangoni mpaka kwenye ua, mistari imenyooka kama ya jembe. Kwetu mgeni hafagii uwanja wa mwenyeji, na shangazi alitoka akamwambia, "Wewe, acha, watu watasema nimekugeuza mfanyakazi." Mama hakuacha. Alimaliza, akasimamisha ufagio ukutani, akachukua kitambaa chake cha kichwa na kwenda. Nyayo zake zilibaki kwenye mistari ile, na mimi nilizizunguka siku nzima nisizikanyage, mpaka kuku wakazifuta.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sikuteswa, nisije nikamsingizia shangazi. Nilikula walichokula, nililala pakavu. Lakini mtoto aliyeachwa kwa watu anajua kila kitu kinawekwa wapi isipokuwa yeye mwenyewe. Nilichota maji, nikalisha kuku, nikapukuchua mahindi mpaka vidole vikawa vigumu kama punje, na kila gunia lililojaa nililifurahia peke yangu kimoyomoyo. Wengine waliona chakula cha mwaka. Mimi niliona mama akikaribia.

Shangazi alikuwa na redio. Ilikaa juu ya kabati, imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na haikuguswa ila kwa habari, kwa matangazo ya vifo, na kwa mchezo wa Jumapili saa kumi na moja jioni. Mchezo huo ulihusu nyumba ya tajiri mmoja, Bwana Fadhili. Mke wake alikuwa ametoweka, na binti yake mdogo, Tausi, alikuwa ameacha kusema tangu siku ile. Kila Jumapili, mtu akikaribia kufa humo ndani au akikaribia kusema uongo mkubwa, ufagio ulisikika nje. Mtu alifungua dirisha na kuuliza, "Nani huko?" Ufagio ulinyamaza, na sauti ya mwanamke ikajibu neno moja: "Bado." Basi. Hakuonekana, hakuingia, hakueleza bado nini. Tulimwita Mfagiaji.

Waliokuja kusikiliza kila wiki walikuwa wawili, Mama Njeri na Mzee Ndiwa. Mama Njeri alitoka upande wa kati wa nchi pamoja na mume wake walipokuja kutafuta shamba, na alikuwa mtu wa kanisa hasa, aliyesema Jumapili si siku ya kazi, halafu akavuta beseni la mahindi na kupukuchua, kwa sababu kazi ya kukaa kitako, alisema, Mungu haihesabu. Mzee Ndiwa alishuka kutoka upande wa mlimani na alikuwa akilinda ng'ombe za watu. Mchezo ukiisha, shangazi alizima redio haraka, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Mama Njeri alisema Mfagiaji si mzimu. Ni mtu mzima kabisa, mwenye ile ardhi kabla ya Bwana Fadhili kujenga, na anafagia kwa sababu uwanja ni wake. "Mtu hafagii pasipo pake," alisema. Mzee Ndiwa alikataa. Kwake yeye alikuwa mke wa kwanza aliyenyang'anywa moto wake, na hataondoka mpaka awashiwe tena. Mzee mwenyewe aliishi peke yake miaka mingi, lakini hilo hakuna aliyemtajia. Shangazi ndiye aliyekuwa na hoja nzito. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na jina likiwa lake hunyamaza. Kwa hiyo shangazi alisema Mfagiaji ni marehemu ambaye hakuna aliyepewa jina lake. Amesahauliwa, ndiyo maana hana la kusema ila kungoja.

"Sasa kama ni marehemu, ufagio anaushika na nini?" Mama Njeri alimuuliza.

"Na wewe unapukuchua mahindi Jumapili na nini?" shangazi alimjibu, na Mzee Ndiwa akacheka mpaka akakohoa.

Mimi hawakuniuliza. Ningeulizwa ningesema, maana nilikuwa najua. Mfagiaji alikuwa mama yake Tausi. Nani mwingine angefagia uwanja usio wake? Alikuwa anasema bado kwa sababu kuna jambo hajamaliza huko aliko, na akilimaliza atafungua mlango amchukue mtoto wake. Nikaenda mbali zaidi. Nilimwambia Mungu tufanye agano: mchezo ukiisha na Mfagiaji akawa ni mama yake Tausi, basi mama yangu naye yuko njiani. Akiwa ni mtu mwingine, basi nijue. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na mtu mwingine wa kuweka naye agano.

Mahindi yakaendelea kupungua uwanjani. Jumapili moja mtangazaji akasema wiki ijayo ndiyo mwisho, na Mfagiaji atajulikana. Wiki hiyo ikanyesha mvua ambayo mwezi ule haina kazi huko Kwanza. Tulikimbiza mahindi ndani, tukayafunika. Na mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa yamechoka. Siku za kawaida shangazi aliyatoa na kuyaanika kwenye bati yapate jua, nayo yakarudisha nguvu kidogo, ya kutosha mchezo mmoja. Wiki ile jua halikutoka. Nilitoka kila asubuhi kuangalia mbingu, nikarudi. Ijumaa shangazi alijaribu redio, ikatoa sauti kama ya mtu aliyefungwa mdomo. Akazima. Akasema Jumapili asubuhi atanituma dukani kama anga itaendelea kuwa hivyo.

Jumamosi, shangazi alipokwenda kuangalia wagonjwa, nikaona sababu ya kungoja haipo. Jua ni joto, na moto ni joto. Niliyatoa mawe manne nikayapanga kando ya mafiga, karibu na makaa ya magunzi, kama mtu anavyopanga viazi. Nilitaka kukaa hapo niyageuze. Lakini mtungi ulikuwa mtupu, na shangazi akikuta mtungi mtupu ni maneno, nikaenda kisimani. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi niliyasikia kabla ya kuyaona. Moja lilikuwa limepasuka, mengine yamevimba na kutoa uji mweusi kwenye majivu. Niliyafuta kwa kanga, nikayarudisha ndani ya redio, nikaivisha kitambaa chake. Hilo la kuyarudisha ndilo lililoimaliza, maana ule uji ulikula vyuma vya ndani.

Jumapili asubuhi nilitumwa dukani. Mwenye duka alikuwa Kitale kwenye harusi. Saa kumi na nusu Mama Njeri aliingia na beseni lake, Mzee Ndiwa akaingia na kigoda chake. Shangazi akafungua redio kwa nyuma. Kisha akanitazama, akatazama majivu, akanitazama tena. Redio nyingine tuliyoijua ilikuwa ya mwalimu wa dini, na yeye alishasema mchezo ule ni wa mapepo. Kwa hiyo tulikaa. Saa kumi na moja ikafika, ikapita, watu wanne wakitazama sanduku lililonyamaza. Mama Njeri akavuta beseni lake. "Huyu mtoto ametupikia redio," alisema. Walicheka, na jina likanikaa: Mpishi wa Redio. Shangazi hakunipiga. Angenipiga ningepona.

Sokoni wiki ile nilizunguka nikiuliza. Muuza nyanya aliniambia Mfagiaji alikuwa mke wa Fadhili, aliingia akamkumbatia mtoto. Muuza chumvi akasema si kweli, alikuwa pacha wake Fadhili aliyekufa utotoni. Mwanamke wa tatu, ambaye kaka yake alikuwa na redio kubwa, aliapa kwamba walifungua mlango wakakuta ufagio tu umesimama ukutani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, lakini yale matatu yasingeweza kuwepo yote. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi sikuwepo. Mahindi yakapurwa, gunia la mwisho likashonwa. Mama hakuja. Na kwa kuwa mwisho nilikuwa nimeuchoma mwenyewe, kwa miaka mingi niliamini kuwa nilimzuia mimi.

Niliolewa kutoka kwa shangazi. Nilipokuwa na mtoto wa pili nilikwenda Sirisia kwenye mazishi, nikapita sokoni, nikamwona mama ameketi nyuma ya mafungu ya viazi vitamu. Alikuwa na watoto wengine wawili wakubwa pembeni yake. Nilisimama mbele yake. Akatazama mtoto mgongoni kwangu, akatazama uso wangu, akauliza kwa upole kama anavyoulizwa mteja, "Wewe ni wa nani, mama?" Nikamtajia jina la baba. Kisha akainuka, akachukua ufagio mdogo uliokuwa chini ya meza, akaanza kufagia maganda pale nilipotaka kukaa. Alifagia kwa muda mrefu kuliko maganda yalivyokuwa. Tulizungumza habari za mvua. Sikumuuliza, na yeye hakuniambia. Sasa amekwisha kulala, na jina lake nimempa mjukuu wangu wa kwanza, ili asije akawa wa kungoja nje.

Huyo si Nekesa. Nekesa ni mdogo wake, ana miaka kumi na mitatu, na ndiye ninayeishi naye. Mama yake, binti yangu, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alisema miaka miwili. Huu ni wa nne. Anapiga simu, picha yake inakwama mdomo ukiwa wazi, halafu inapotea. Nekesa ana mchezo wake kwenye simu hiyohiyo, wa Kizungu, wenye nyumba na mizimu, na humo kuna mwanamume mwenye mwavuli anayesimama mbali kila sehemu, hata kukiwa hakuna mvua. Anabishana juu yake na watu asiowajua, kwa kuandika, watu wa kila nchi. Chumbani yuko peke yake na masikio yameziba. Sisi tulikuwa wanne na beseni moja, na ubishi ulikuwa na vicheko, ingawa upweke wangu haukujua tofauti hiyo.

Nilimwambia huyo wa mwavuli ni shetani, azime simu akaoshe vyombo. Akatoa vitu masikioni. Kukhu, yaani bibi, ndivyo anavyoniita. "Si shetani, Kukhu. Wengi wanasema ni kifo. Mimi nasema ni baba ya yule msichana wa ile nyumba. Anataka kurudi, ni vile tu hajui mlango ni upi." Alisema bila kunitazama. Vyombo vile niliviosha mimi.

Siku ya sehemu ya mwisho stima ilipotea Matisi nzima tangu asubuhi, na simu yake ilikuwa imebaki na nguvu ya kumulika tu. Nekesa hakulalamika. Aliilaza kifudifudi mezani, akakaa. Mimi niliichukua, nikafunga kitambaa cha kichwa, nikatembea mpaka kwa kinyozi mmoja mwenye sola. Kijana akaniuliza, kama vijana wa mjini wanavyomwita bibi, "Shosh, tunyoe dizaini gani?" Nikamwambia dizaini ya kujaza simu, na asiiweke karibu na kitu chochote cha moto. Nilikaa kwenye benchi lake saa nzima, mkono juu ya hiyo simu, watu wakinyolewa. Jioni tulitazama pamoja, sikio moja lake, jingine langu. Kizungu sikukipata. Nilimtazama yeye. Ilipoisha alinieleza kwamba hawakusema mwenye mwavuli ni nani, wamesukuma mpaka mwaka mwingine. Nilingoja alie. Alisema tu, "Sawa. Angalau nimejionea," akaanza kuwaandikia watu wake.

Uwanja wangu hapa ni saruji, na saruji ufagio hauisemeshi. Nyuma ya jikoni umebaki ukanda wa udongo, upana wa hatua tatu, ambao wapangaji wengine wanautupia maji. Asubuhi iliyofuata niliufagia kabla ya chai, kama ninavyofanya kila siku. Dirisha la Nekesa liko juu yake. Nikasikia kitanda kikilia, kisha sauti yake yenye usingizi, haraka kidogo kuliko kawaida yake: "Ni nani?"

Nikasimamisha ufagio. Nilijua anataka niseme ni mama yake.

"Ni mimi," nikamwambia. "Ni mimi tu. Lala."